Maneno ya Lisette

Buyenzi, tarehe 2 Machi 2024

Orlane wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa hivi. Barua yako ya pole ilifika kabla hatujamaliza khitma ya Shakuru, na mimi ndiyo kwanza leo nakujibu. Si kwamba nilikusahau. Kila nikikaa niandike, Zayd analia, au wanawake wanaingia kutoa pole na inabidi nilie nao upya, au nasinzia na kalamu mkononi. Mtoto anaota meno. Nanyonyesha nikiwa nimesimama, nimeegemea ukuta, kwa sababu nikikaa tu nalala.

We ni mtoto wa Bwiza, umekulia na misa, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mke akifiwa hukaa eda ndani ya nyumba ya mume mpaka muda wake utimie. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Eda siichukii, Shakuru anastahili. Kinachonichosha ni yale ambayo watu wameyaongeza juu yake. Mama mkwe amefunika televisheni kwa shuka. Simu yangu anayo shemeji Uthmani, kaka mkubwa wa marehemu, ati mwenye eda hana wa kuongea naye. Ndiyo maana nakuandikia karatasi kama bibi zetu. Yule muuza nyanya, Sijaona, anayevuka mpaka wa Gatumba, amekubali kuwa posta yetu.

Dirisha langu ni moja na linatazama gereji ya Uthmani. Dunia yangu yote sasa ni hiyo: miguu ya mafundi inayotokeza chini ya magari, na nyundo. Na kuna jambo linaniumiza. Wakitaka kusikiliza injini, yule fundi mkubwa anapiga kelele, "Nyamazeni nyote, nisikie kama huyu anapumua!" na wenzake wanacheka. Orlane, hayo ni maneno yangu. Niliyasema humu chumbani, Zayd alipokuwa na kifua, watu wamejaa wananipa ushauri. Yametokaje nje? Mtu wa nyumba hii anabeba maneno yangu na kuyapeleka gereji yakachekwe. Namjua ni nani, ila sijasema bado.

Tuache hayo. Nasikia Meli Isiyotua, filamu yetu ile ya meli ya angani, imetimiza miaka ishirini na wametoa episodi ya sherehe. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwahi benchi la mbele kwenye ukumbi wa video wa Salvator, we na mi, Shakuru amekaa pembeni na mikro yake ya kusemea, anatafsiri kwa Kiswahili watu wote peke yake, kapiteni, daktari, mpaka mlango wa meli anautolea sauti? Hata yule fundi wa mashine, jina Lisette alimpa yeye, la Kizungu hatukuweza kulitamka. Tangu niolewe sikukanyaga tena pale. Mama mkwe hakutaka mkwe wake akae benchi moja na wavuta sigara. Nikawa namwuliza Shakuru kila akirudi, "Lisette kasema nini leo?" Anacheka tu, anavua viatu.

Niambie yote. Nani anatafsiri sasa? Je, walitua?

Jana mama mkwe kaniambia, "Eda ikiisha hutakwenda popote." Nikajibu inshallah. Sikujua anamaanisha nini.

Wako,
Kaltum, mama Zayd

*

Uvira, tarehe 12 Machi 2024

Mama Zayd,

Barua yako imenifikia na harufu ya nyanya. Nimeisoma mara mbili na nimelia mara moja, halafu Sijaona akaniambia habari nikaacha kulia. Hongera! Ati eda ikiisha Uthmani anakuoa, anasema Buyenzi yote inajua. Mwanzo nilishtuka, mutu ana bibi yake tayari. Halafu nikasema, aah, labda ni vizuri, yule ana duka ya vipuri, mutoto hatakosa maziwa. Kama we umekubali, mi nitakuja na viatu virefu.

Sasa episodi. Jumamosi nilivuka, nikaenda moja kwa moja Bwiza kwa Salvator. Watu walijaa mpaka mlangoni, wengine wamebeba watoto begani. Miaka ishirini, unafikiri ni mchezo? Kuna baba mmoja alivaa suti.

Mtafsiri ni Radjabu, yule aliyekuwa anakata tiketi. Kaltum, yule kijana anasoma kama anatangaza vifo redioni. Kapiteni Valéry anapigana, Radjabu anasema, "Sasa kapiteni anapigana." Tunaona, si tuna macho! Lakini watu wakavumilia.

Basi meli imepata dunia. Kweli, dunia yenye maji na majani! Lakini wote wanaumwa, wamelala kama wafu, hata kapiteni. Ni Lisette tu amesimama. Anatoka kule chini kwa mashine yake, na mafuta usoni, anapanda mpaka kwa ule mlango mkubwa ambao haujafunguliwa tangu mwanzo. Anaweka mkono juu yake. Anabaki hapo. Anabaki. Na Radjabu kimya.

Mutu mmoja nyuma akasema, "Mtafsiri, anasema nini?"

"Hasemi kitu."

"Nani hasemi? Lisette? Lisette aliyemwambia kapiteni kwamba chungu hakisikii amri, kinasikia moto tu?"

"Mi natafsiri kile kiko kwa filme! Hasemi!"

Mzee Rénovat, yule mchomelea vyuma, akasimama. "Miaka yote hii tunamungojea huyu mwanamke afungue mlango, leo anafungua, we unamufanya bubu? Umekula maneno yake?"

"Shakuru angejua anasema nini!" wakapiga kelele wengine. "Rudisha nyuma! Umrudishie mdomo!" Salvator akawasha taa. Radjabu akatupa mikro akatoka, na mi nadhani analia mpaka leo. Kwa hiyo sikuona mwisho, hakuna aliyeuona.

Nimepata kopi yangu ya Kifaransa, nitaangalia hapa nyumbani polepole. Nitakuandikia. Sijaona anaita, mpaka unafungwa.

Nakubusu, na umubusu Zayd kwa fizi zake,
Orlane

*

Buyenzi, tarehe 19 Machi 2024

Orlane,

Viatu vyako virefu virudishe kabatini. Siolewi. Sikuposwa, sikuulizwa, sikukubali. Harusi yangu mimi nimeisikia kutoka kwako, na wewe umeisikia kwa muuza nyanya.

Niliposoma tu nilimwendea mama mkwe jikoni. Alikuwa anakoroga uji wa futari. Nikamwambia, "Mama, mwenye eda haposwi. Hilo umenifundisha wewe mwenyewe."

Akaendelea kukoroga. "Sikuposa. Nimepanga."

"Umepanga bila mimi."

"Shakuru nimeshamzika. Mjukuu wangu hatalelewa na mwanamume nisiyemjua. Uthmani ni damu yake. Utakaa chumba hichohicho, hutahamisha hata kijiko."

Alivyosema hilo la kijiko ni kama ananipa zawadi. Simchukii, Orlane. Usiku namsikia anaita jina la mwanawe akisali. Lakini sitalala na shemeji yangu ili yeye asiogope. Na Afrah, mke wa Uthmani, ananipita uani bila salamu, na ana haki, ni nani atamwambia kwamba mimi sijaomba kitu?

Nikueleze hali ilivyo ili uache kunipongeza. Kwetu baba ana wadogo zangu wanaolala sebuleni, hakuna pa kumweka Zayd. Kazi sina. Vyombo vya Shakuru, mikro, kompyuta na ile mashine ya sauti, Uthmani amevipeleka dukani kwake, anatafuta mnunuzi. Eda ikiisha sina kitu changu cha kunilisha, nitabaki humu, na nikibaki humu kwa chakula cha Uthmani, basi siku moja masheikh watakuja sebuleni na hakuna atakayeniuliza tena. Naiona siku hiyo kama ninavyoiona gereji.

Sasa hili lingine. Umeandika kwamba Lisette alimwambia kapiteni chungu hakisikii amri. Hayo nilimwambia Uthmani, Ramadhani ya mwaka jana, alipokuja jikoni kugomba futari imechelewa. Tulikuwa watu wachache tu mle. Kwanza gereji, sasa sinema! Nilishindwa kujizuia. Nilimwambia mama mkwe usoni, "Mama, maneno yangu unayapeleka wapi?" Akaniangalia kama nimempiga. Tangu juzi haongei nami. Tunafuturu kila mtu na ukuta wake.

Niandikie kila alichowahi kusema Lisette tangu niolewe. Kila unachokumbuka. Usiniruke.

Kaltum

*

Uvira, tarehe 21 Aprili 2024

Kaltum yangu,

Mbaraka wa Idi iliyopita, hata kama imechelewa. Usinikasirikie. Ziwa limeingia barabarani, Gatumba nyumba zimesimama ndani ya maji mpaka madirishani, na huku kwetu majirani wamelala kanisani. Sijaona alikaa siku nyingi bila kuvuka. Barua niliyoandika mwanzo ilikuwa kwa mufuko wake, akaanguka nayo, ikawa uji. Hii ni ya pili. Na kwa ile ya harusi, unisamehe. Mi nilidhani nafurahi na we.

Sasa kaa chini. Kama unanyonyesha, kaa hivyohivyo.

Nimeangalia episodi kwa Kifaransa. Radjabu hakudanganya. Lisette hasemi kitu pale mlangoni. Nikasema labda ni siku ile tu. Nikachukua episodi za zamani, zile tulizocheka nazo mpaka benchi likavunjika. Kaltum, yule mwanamke HASEMI. Miaka ishirini! Anakaza bulon za mashine, anaangalia watu, anatoka. Mara moja moja anasema "ndiyo, kapiteni". Ni mutu wa nyuma, hata jina yake kwenye maandishi ya mwisho iko chini kabisa.

Donc, yaani, yale yote tuliyosikia, Shakuru alikuwa anayatia yeye. Ukimya wake wote aliujaza. Na mwanzoni, we ukiwa bado kwa benchi, Lisette hakuwa na maneno mengi, unakumbuka? Alianza kuongea baada ya harusi yenu.

Haya ninayokumbuka, na mzee Rénovat amenisaidia, yule anayajua kama katekisimu:

Daktari anamuuliza kama amechoka. Lisette anasema, "Sijachoka. Nimejaa."

Mashine imezimika, wote wanabishana, anaweka sikio kwa ukuta: "Nyamazeni nyote, nisikie kama huyu anapumua." Siku ile, Kaltum, ukumbi mzima ulinyamaza. Wanaume na bia zao. Wale mafundi wa Uthmani walikuwa pale. Hawakucheki we, wanamwiga Lisette.

Kapiteni anamwambia atabasamu kidogo. "Kapiteni, uso huu ni wa kwangu, sijakukodishia."

Na hii, sijui kama ni yako: kapiteni anaumwa, anaona haya, Lisette anamfunika na blanketi anasema, "Lala. Leo nitakuwa na nguvu mimi, kesho wewe."

Mi nilikuwa nacheka na kulia pale kwa benchi na sikujua ni we.

Sasa usinipige kwa hii nyingine. Nilipita kwa Salvator. Nikamwambia Lisette iko hai, iko Buyenzi, iko ndani tu. Hajacheka. Alikaa, akavuta sigara yake. Akasema, "Tangu Shakuru afe, Jumamosi ni tupu. Watu wanataka episodi ile na sauti. Eda ikiisha, aje mara moja. Atafsiri wote, si Lisette tu. Ukumbi ukijaa, Jumamosi zote ni zake na malipo ya Shakuru ni yake. Usipojaa, naweka mpira." Nikamuuliza, mwanamke? Akasema, "Kwani Lisette ni nani?"

Fikiri. Usinijibu haraka.

Orlane

*

Buyenzi, tarehe 20 Mei 2024

Orlane,

Ulisema nisijibu haraka, nimekutii kupita kiasi. Zayd aliugua tena, tulikwenda hospitali, hiyo ndiyo safari yangu pekee tangu Februari. Nilipita Buyenzi nzima nikiwa nyuma ya teksi na mtoto kifuani, sikuona kitu ila paji lake. Amepona. Ana meno manne na anauma.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini kabisa, sakafuni. Lile la mwisho, la blanketi, ni langu. Nilimwambia Shakuru usiku wa mwanzo wa ile homa iliyomchukua. Sikujua kama alisikia. Nilidhani kalala. Kumbe Jumamosi ileile alikwenda kazini na homa yake akampa Lisette. Ndiyo ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho.

Nilikuwa nikimwambia, "Husikilizi hata kidogo ninachosema." Akicheka, akivua viatu.

Nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia, "Mama, nilikudhania. Nimekosea." Hakuinua uso. Nikamsomea barua yako, yale ya Lisette tu, yeye hasomi herufi za Kizungu, husoma za Kiarabu tu. Nilipofika kwenye uso usiokodishwa akaacha kupepeta.

"Hayo," akasema, "alikuwa akiyasema bafuni, akinyoa ndevu. Kwa sauti nyembamba kama ya mwanamke. Nilidhani mwanangu ameingiwa na jini. Nilimwendea sheikh nikamletea maji ya kombe."

"Akanywa?"

"Akanywa yote. Akaendelea."

Tulicheka, Orlane. Kwa mara ya kwanza humu ndani tangu mazishi. Mpaka Afrah akatoa kichwa chumbani kwake kuangalia kuna nini. Halafu mama akaniambia, "Sema lile la kupumua." Nikasema kawaida. Akatikisa kichwa. "Siyo hivyo. Kama alivyokuwa anasema yeye." Nikajaribu, kwa sauti ya Shakuru akiiga sauti yangu. Mama akashika ungo akalia, mchele wote ukamwagika, tukauokota sote wawili.

Hapo ndipo nikamweleza ya Salvator. Nikamwambia pia, nimemshika mkono, "Mama, nitakaa humu kama mkwe wako muda wowote utakaotaka, na Zayd ni wako kama alivyo wangu. Lakini kama mke wa Uthmani sitakaa, hata saa moja. Nikilipwa na Salvator nitalipia chumba hiki na chakula cha mwanangu. Nisipolipwa, nitauza maandazi uani. Hilo la Uthmani ulifute."

Alirudi kupepeta mpaka adhana. Kisha akamwita Uthmani.

Nilikuwa nyuma ya pazia, nilisikia yote. "Vyombo vya mdogo wako vilete."

"Mama, mwanamke atafsiri sinema? Kwa walevi wa Bwiza? Watu watasema nini?"

"Watasema wanachosema kila siku hapo gereji kwako. Ni yeye wanamwiga. Hukujua?"

Akatoka uani. Nadhani ni kweli hakujua. Baadaye nilimsikia akigombana na Afrah, na Afrah anamwambia, "Mwache basi! Mwache!" Asubuhi yake nilikuta sahani ya sambusa mlangoni pangu, hakuna aliyesema ni ya nani. Mi najua mkono wa Afrah, anatia pilipili nyingi.

Usifikiri mambo yamekwisha. Uthmani amerudisha mikro na ile mashine ya sauti, ila waya wake hakurudisha, anasema umepotea. Kompyuta amekwishaiuza. Simu bado anayo. Na amemwambia mama kwamba anangoja hiyo Jumamosi moja, ukumbi usipojaa atarudi na masheikh wake, na mama safari hii hakusema kitu. Kwa hiyo yote yako pale, benchi za Salvator zijae au zisijae. Mimi bado niko humu, na dirisha ni lilelile. Shuka bado liko juu ya televisheni, lakini mama amesema nikiwa nafanya kazi na si kujifurahisha atalifunua mwenyewe, na atakaa hapohapo kuhakikisha sifurahi.

Nimeanza mazoezi. Nimemfanya Zayd kapiteni. Mafundi wakinyamaza ghafla huko nje najua wananisikiliza, basi napandisha sauti kidogo, niwape kazi.

Nimewaza sana ule ukimya wa mlangoni. Miaka yote hajasema, halafu wanampa mlango na wanamwacha hivyohivyo bubu, anausukuma. Mzee Rénovat hatakubali, na mimi sikubali. Maneno yake ya pale usinitafutie. Hayo ninayo.

Vingine vyote sina, na eda inakwenda kwisha. Kwa hiyo nitumie kwa Sijaona, avifunge ndani ya plastiki mbili kwa ajili ya yale maji:

Flashi yenye episodi nzima, ile ya Kifaransa, isiyo na sauti ya Radjabu. Iwe aina ambayo televisheni ya zamani inaisoma.

Karatasi ya maana ya wanayosema wengine, kapiteni na daktari na wenzao, kwa Kiswahili chako cha kawaida. Fupi tu, nitawanenepesha.

Unieleze mwisho ulivyo, akishafungua mlango. Anatoka, au anarudi kuwaamsha kwanza? Nahitaji kujua hilo kabla ya vingine vyote.

Waya wa mikro, ule mrefu wenye kichwa kinene. Uliza pale Uvira kwa wapiga muziki wa kanisa.

Kaske ya masikio, Zayd analala mchana.

Dawa ya fizi.

Na kitenge kimoja cha kuvaa siku ya kutoka. Chagua wewe, mi sijaona rangi muda mrefu. Iwe inayoonekana hata kutoka benchi la nyuma.

Kaltum